Noti Feki Humfia Mkononi Aliyeishika Mwisho

Jirani yangu mmoja anakaanga samaki kando ya barabara. Meza yake huitoa jua likishazama, anawasha taa ya kuchaji, anaweka kikaango jikoni, na hadi saa nne usiku anakuwa amemaliza. Siku moja mteja alikuja na bodaboda, akachagua perege wanne wa elfu mbili mbili pikipiki ikiwa bado inaunguruma, akatoa noti ya elfu kumi, akapewa chenji yake na kuondoka. Haikuchukua dakika mbili.

Asubuhi yake nilimkuta kwa wakala wa pesa, mbele yangu kwenye foleni, amekwenda kuweka hela ya mtaji kwenye simu. Wakala alikuwa anazihesabu noti kwa kidole gumba. Alipofika kwenye ile, kidole kikasita. Akaipapasa tena, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni kutafuta sura ya Mwalimu Nyerere inayotakiwa kujitokeza pale palipo peupe. Sura ilikuwepo, ila ilikuwa imechapwa kama moshi wa penseli, unaiona hata noti ikiwa imelala mezani. "Dada yangu, hii hapana," akasema kwa sauti ya chini, akamrudishia kwa ncha za vidole.

Mzee mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akampa ushauri ambao nimeusikia mara nyingi: "Itafutie giza. Ilikuja na giza, iondoke na giza." Yule dada akanigeukia mimi. "Kaka, nikiipeleka polisi, watanipa nyingine?"

Jibu ni kwamba hawatampa. Noti ya bandia haina thamani, na ukiipeleka benki inachukuliwa nawe unatoka mikono mitupu. Ukiipeleka polisi unaulizwa umeitoa wapi, na mtu anayeuza usiku hawezi kutaja jina la mteja wa bodaboda. Ukiitumia huku unajua ni bandia, umetenda kosa la jinai. Kwa hiyo mwananchi mwema amewekewa njia moja tu halali, nayo ni kukubali hasara na kunyamaza. Hasara yenyewe tuihesabu. Amepoteza perege wanne aliowanunua wabichi alfajiri, mafuta na mkaa aliowakaangia, na juu yake elfu mbili halali aliyoitoa kama chenji. Aliyechapa ile noti ameshalipwa, na wa mwisho kuipitisha amekula samaki.

Nadhani hapa ndipo vita vyetu dhidi ya vitu feki vimekaa upande. Kazi ya kutambua tumempa mwenye mwanga kidogo, muda kidogo na vifaa vichache kuliko wote kwenye mnyororo. Akishindwa, yeye ndiye analipa. Halafu tunashangaa kwa nini noti feki hazifiki polisi, wakati tumezitengenezea kila sababu ya kuendelea kutembea. Ushauri wa yule mzee ni mbaya, lakini hakuutoa hewani. Umetokana na kanuni iliyopo.

Kanuni hiyo si amri ya Mungu. Kuna nchi iliwahi kufanya kinyume chake, tena kwenye balaa kubwa kuliko letu. Ni Ureno, mwaka 1925.

Artur Alves dos Reis alikuwa kijana wa Lisbon aliyekwenda Angola mwaka 1916, enzi hizo koloni la Ureno, akiwa na cheti cha uhandisi cha Oxford. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe. Alipewa kazi, na akapanda vyeo hadi kwenye reli. Mwaka 1924, alipokuwa mahabusu huko Porto kwa mambo ya hundi zisizo na fedha, alipata wazo ambalo kila nikilisoma linanistaajabisha. Wachapaji wa noti bandia wote hupambana na karatasi, wino na bamba. Yeye akaamua kuviacha vyote hivyo kwa wachapaji halali wa serikali, akaghushi kitu kimoja tu, mkataba.

Aliandaa hati inayosema Benki Kuu ya Ureno imeruhusu kundi la wafadhili kuchapisha noti kwa ajili ya kuikopesha Angola. Hati akaipeleka kwa mthibitishaji, ikagongwa muhuri. Kisha mihuri ya wawakilishi wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa jijini Lisbon ikafuata. Saini za wakubwa wa benki akaziweka yeye. Kila muhuri kwenye ile hati ulikuwa unathibitisha muhuri uliotangulia, na hakuna hata mmoja uliogusa maneno yenyewe. Lakini mtu akiiona hati imejaa nembo, riboni na mihuri ya mataifa manne, atauliza nini tena?

Washirika wake, akiwemo Mholanzi Karel Marang, wakaipeleka hati London kwa kampuni ya Waterlow and Sons, iliyokuwa kweli ikiichapia Ureno noti za escudo 500. Wakamwambia Sir William Waterlow, mkuu wa kampuni hiyo, kwamba jambo hili ni la siri kubwa, la kisiasa, na wengi ndani ya benki hawalijui. Namba za noti zitajirudia, wakamweleza, lakini hakuna tatizo kwa sababu noti hizi zitagongwa neno Angola na kutumika huko huko. Sir William alikubali. Barua za uthibitisho alizoletewa zilikuwa zimeghushiwa na Reis yuleyule. Mwanzoni mwa 1925 kampuni ikaanza kutoa mzigo wa noti 200,000, na baadaye ukaja mwingine wa noti 380,000. Uso uliokuwa kwenye noti hizo tunaufahamu sana pwani yetu. Ni Vasco da Gama, yule mwenye nguzo Malindi.

Neno Angola halikugongwa kamwe. Noti ziliingizwa Ureno, Reis akafungua benki yake mwenyewe, Banco Angola e Metrópole, na fedha zikaanza kutembea madukani. Wataalamu walizikagua, wakasema ni halali. Nao walikuwa sahihi, maana karatasi, wino, bamba na mchapaji vyote vilikuwa halali. Gazeti la O Século lilianza kuchokonoa asili ya utajiri wa benki hiyo mpya mwishoni mwa Novemba. Mapema Desemba, kwenye tawi la Porto, wakaguzi walizipanga noti kwa namba, wakakuta namba moja kwenye noti mbili. Reis alikamatwa melini akirudi kutoka Angola.

Fikiria asubuhi iliyofuata kwa muuza samaki wa Lisbon. Ana noti ya escudo 500 ndani ya kijaluba. Inaweza kuwa ya benki, inaweza kuwa ya Reis, na hakuna mtu duniani anayeweza kumwambia kwa kuitazama tu. Benki Kuu ingeweza kusema kila mwenye noti isiyo yetu atajua mwenyewe. Haikusema hivyo. Iliziondoa noti zote za Vasco da Gama kwenye mzunguko na kumbadilishia kila aliyeleta, iwe yake au ya Reis. Hasara ikaibeba yenyewe, kisha ikageuka kumtafuta aliyekuwa na uwezo wa kuizuia.

Ikaishitaki Waterlow mahakamani Uingereza. Kesi ilipanda hadi kwenye Baraza la Malordi, enzi hizo mahakama ya juu kabisa huko, na hukumu ikatoka mwaka 1932. Utetezi wa kampuni ulikuwa mkali. Ilisema noti ni karatasi, benki inaweza kuchapa nyingine wakati wowote, kwa hiyo hasara ya kweli ni gharama ya karatasi na uchapaji tu. Malordi wawili kati ya watano waliona hivyo. Watatu walikataa. Walisema benki ilipobadilisha noti ilikuwa inatimiza wajibu wake kwa nchi, na kila noti halali iliyotolewa badala ya haramu ilikuwa deni jipya juu ya benki. Waterlow ikaamriwa kulipa pauni 610,392. Sir William hakuishi kuisikia hukumu hiyo.

Nimekaa sana Lisbon kwa sababu mpangilio ule ndio ninaoudai. Raia alilindwa kwanza, halafu bili ikatembea kupanda juu, ikampita kila aliyedanganywa bila uzembe, ikasimama kwa yule aliyekuwa na ofisi, wanasheria na uwezo wa kutuma mtu hadi benki kuuliza, ila akaridhika na mihuri.

Sasa tuje nyumbani Tanzania, tuanzie kwenye vyeti, kwa kuwa Reis naye alianzia hapo. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa, na wakapewa hadi katikati ya Mei wawe wameondoka wenyewe la sivyo sheria ichukue mkondo wake. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kuwarudishia michango yao waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, na nadhani lilikuwa jambo la haki, kwa kuwa kazi waliifanya na makato yalikuwa ya mishahara yao.

Simtetei mwenye cheti feki. Aliyekalia kiti cha uuguzi kwa matokeo ya mtu mwingine aliwaweka wagonjwa hatarini, na kuna kijana aliyefaulu kweli akabaki mtaani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Lakini hakuna aliyejiajiri serikalini. Kila mmoja wa hao 9,932 alipita mezani kwa mtu aliyepokea nakala, akatazama muhuri wa wakili ulioandika "nakala halisi ya hati halisi", akaiweka kwenye faili. Baraza la Mitihani lilikuwepo miaka yote hiyo na kumbukumbu zake. Ilihitajika barua moja, orodha moja ya namba za mitihani. Wakati huo nchi nzima ilizungumza juu ya walioghushi. Sikumbuki mjadala wa ukubwa ule juu ya meza zilizowapokea. Na meza isiyoulizwa kitu itapokea tena kesho.

Muhuri wa wakili ninautaja kwa sababu unafanana mno na ile mihuri ya Lisbon. Anayeugonga anathibitisha kwamba nakala inafanana na karatasi aliyoletewa. Ukweli wa karatasi yenyewe haumhusu. Waajiri wengi huuchukulia kama uthibitisho wa cheti, na mwenye cheti cha kughushi analijua hilo kuliko wao.

Kwenye bidhaa mambo ni machungu zaidi, kwa sababu hasara haionekani siku ya kununua. Mwaka 2024 huko Kenya, msimu wa kupanda wa mvua za masika, ilifichuka kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kama mbolea ya ruzuku kupitia maghala ya bodi ya nafaka ya serikali haikuwa na kiwango. Shirika la viwango lilithibitisha, Waziri wa Kilimo akafikishwa Bungeni kwa hoja ya kumng'oa, kamati ikamsafisha. Serikali ikaahidi kuwafidia wakulima kwa mifuko mingine. Lakini mahindi hayasubiri kamati. Mfuko unaokuja wakati mche umeshafika magotini hauwezi kurudisha majuma yaliyopotea.

Mkulima yule angefanya nini zaidi? Hakununua gizani. Alijiandikisha, akapata ujumbe kwenye simu, akaenda kwenye ghala lenye bendera, akanunua mfuko ulioshonwa na wenye maandishi. Alifanya kila tunachowaambia wananchi wafanye. Kila mara nikisikia tangazo la "mwananchi kuwa makini" namkumbuka yeye, na naomba mtu aniambie umakini gani ulibaki.

Uharibifu hauishii kwenye ule mfuko mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima mbolea na mbegu zilizouzwa kwenye masoko ya Uganda. Mbolea ilikutwa imepungua wastani wa asilimia 30 ya virutubisho, na mbegu za mahindi chotara zilikadiriwa kuwa na mbegu halisi chini ya nusu. Watafiti wengine walipima mbolea mkoani Morogoro, wakakuta nyingi ni safi kabisa, virutubisho vimetimia. Pamoja na hayo wakulima wa huko waliamini imechakachuliwa, na hawakuwa tayari kuilipia bei yake. Jambo hili linanigusa zaidi kuliko la Uganda. Muuzaji mwaminifu wa Morogoro analipia dhambi ya mtu asiyemjua, na mkulima anavuna kidogo kwa kuogopa feki ambayo dukani haikuwepo. Mtu akishaumizwa mara moja bila kufidiwa, anajilinda kwa njia pekee aliyonayo, kutokununua tena.

Nimetumia neno kuchakachua, nalo lina historia yake. Lilisikika zaidi wakati mafuta ya taa yalipokuwa yanachanganywa kwenye dizeli na petroli, kwa sababu ushuru wake ulikuwa mdogo na mchanganyaji alikula tofauti. Injini zikafa barabarani. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta, ili mkaguzi akichukua sampuli kituoni ajue kama yamechanganywa. Hatua hiyo naipenda, kwa sababu kazi ya kutambua iliwekwa kwa mwenye maabara. Mwaka uliofuata, kwenye bajeti, ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kwa kiasi kikubwa ili yasiwe na faida kuyachanganya. Ilifanya kazi. Ila bili ikaenda kwa bibi wa kijijini mwenye kibatari, ambaye hakuwahi kumiliki hata pikipiki. Tatizo lilikuwa kwenye visima vya vituo vya mafuta, tukalilipia kwenye koroboi.

Hata sheria zenyewe zinaweza kumwangukia asiyehusika. Kenya ilipotunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, tafsiri ya neno bandia ilikuwa pana kiasi kwamba dawa halali za bei nafuu, zile za jenereki, zingeweza kukamatwa pamoja na za kughushi. Watu watatu wanaoishi na VVU walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vilitishia haki yao ya kuishi na kupata afya. Vita dhidi ya dawa feki ilikuwa karibu kuwanyima watu dawa ya kweli.

Najua hoja ya kupinga, na ni nzito. Ukisema Benki Kuu imlipe kila anayeleta noti feki, umefungua kiwanda. Mchapaji atatuma vijana wake wapange foleni. Lisbon iliwezekana kwa sababu noti za Reis zilikuwa na mwisho, na mchapaji wake alijulikana. Nakubali. Siombi kila noti ibadilishwe. Naomba vitu vilivyo ndani ya uwezo wetu. Noti ya bandia ikitoka kwenye mashine ya ATM au dirisha la benki, mwenye benki ailipe, na wajibu wa kuthibitisha kwamba haikutoka kwake uwe wake, maana kumbukumbu na kamera ni zake. Mfanyabiashara mdogo anayejisalimisha na noti moja au mbili, kwa kitambulisho chake, apewe fidia mara moja kwa mwaka, yenye ukomo mdogo. Kiasi hicho hakimtajirishi mchapaji, lakini kinampa muuza samaki sababu ya kwenda polisi, na polisi wanapata noti, namba yake, mtaa na saa iliyopitishwa. Leo taarifa hizo zinapotelea gizani pamoja na noti.

Kwenye ajira, afisa aweke saini kwamba aliandika kwa Baraza la Mitihani na jibu likaja, na saini hiyo imfuate hadi kustaafu. Kwenye pembejeo, fidia itoke kwa aliyeuza au aliyeweka alama ya ubora, na itoke kabla msimu haujapita, wao kwa wao wadaiane baadaye mahakamani kama Benki ya Ureno na Waterlow. Zile stika za kukwangua kwenye mifuko ya mbegu, unazotuma namba yake kwa ujumbe mfupi, ni nzuri na ziendelee. Ila mkulima akikwangua na kujibiwa mbegu si halali, kuwe na mtu anayemrudishia hela siku hiyo hiyo.

Yule dada hakuitafutia giza. Aliikunja ile noti, akaifunga kwenye pindo la khanga na kwenda nayo nyumbani. Nilipopita mezani kwake majuma mawili baadaye, nilikuta kitaa kidogo cha mwanga wa zambarau kimening'inizwa kwa uzi pembeni ya kikaango. Amekinunua kwa elfu kumi nyingine, hii halali. Kila noti kubwa inayofika anaimulika kwanza, samaki wakiwa kwenye mafuta, na wateja wengine wakiona anavyoigeuza wananuna, wanaichukua noti yao na kwenda meza ya jirani.